Sahani ya Jumatatu

Seria
6 Aprili 1998

Kwa Mwalimu Haji Metussin bin Haji Lamit,
Mwenyekiti wa Jopo la Watahini wa Uraia,
Kampong Ayer, Bandar Seri Begawan

Mwalimu,

Sikuulizi hali. Jumatatu ya tarehe tisa Machi uliketi mbele yangu, tumetenganishwa na meza moja tu, na wewe hukuniuliza yangu.

Juzi posta iliniletea matokeo. Jiografia, ishirini juu ya ishirini. Watu, ishirini. Serikali, kumi na tisa. Uchumi, ishirini. Mila na adabu, kumi na moja. Na kwa kuwa anayeomba uraia sharti apate angalau kumi na mbili katika kila fungu, nimeanguka kwa alama moja. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilikwenda na homa, mara ya pili nilichanganya vyeo vya wakuu wa baraza. Hizo mbili ni zangu. Hii ya tatu ni yako.

Nimesahihisha karatasi za wanafunzi miaka thelathini na minne, Haji, na alama iliyokatwa kwa chuki naitambua hata ikiwa ndani ya bahasha.

Uliniuliza, "Nchi yetu inaishi kwa nini?" Nikajibu kwamba inaishi kwa mafuta na gesi, vitu ambavyo vikishavunwa havioti tena, na kwa hiyo nchi yenye busara hulima hata pembeni ya kisima. Yule kijana wa ofisini mwenye kalamu mbili mfukoni akatazama karatasi ya majibu akasema, "Lo! Neno kwa neno!" Wewe ukainamisha macho. Ulijua kwa nini ni neno kwa neno. Sentensi hiyo niliiandika mimi mwaka 1969, katika kile kitabu cha darasa la sita tulichokitunga pamoja. Sura ya jiografia na sura ya uchumi ni zangu. Jina kwenye jalada ni lako peke yako.

Sasa nikueleze kilichopo mezani, usije ukadhani mzee anagombania cheti cha kutundika ukutani. Nilizaliwa hapa Seria, mwaka mmoja na barabara yetu ya kwanza. Mwaka juzi dada yangu Nyuk Lan alifariki Miri, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari pamoja na kungoja kivuko. Wewe mwenye kadi ya njano ya raia ungefika kabla chai haijapoa. Mimi kadi yangu ni nyekundu, na karatasi yangu ya kusafiria inasema sina taifa, kwa hiyo huombewa viza. Viza ilitoka siku ya nne. Walimzika siku ya pili.

Nina miaka sitini na saba. Nataka kufa nikiwa mtu wa mahali fulani.

Kanuni ya kumi na nne inaniruhusu kupinga matokeo ndani ya siku sitini tangu tarehe moja Aprili, na mwenye uwezo wa kurekebisha alama ni mtahini aliyeikata. Nieleze ulinikatia nini.

Voon Siew Fatt


Kampong Ayer
14 Aprili 1998

Bwana Voon,

Salamu za heri kwako na kwa nyumba yako. Umeanza barua bila salamu. Mimi naanza nayo, ijulikane ni nani kati yetu alifunzwa.

Unataka maelezo, na kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la nne. Mgeni akikaribishwa chakula na hana njaa, halazimiki kula. Hunyoosha mkono wa kulia, hugusa chakula au hata ukingo wa sahani, hupeleka vidole mdomoni, basi. Ameheshimu nyumba. Anayeondoka bila kugusa hujitakia mkosi njiani, na humwambia mwenyeji wake kwamba chakula chake ni uchafu. Hili linajulikana kwa Mmalayu, kwa Mdusun, kwa Mchina, kuanzia Muara hadi msitu wa Belait. Wewe mwenyewe uliliandika katika sura ya watu, nilipokuomba uisome na kuijazia.

Siku ile palikuwa na sahani ya kelupis katikati ya meza. Hazikutoka dukani. Mke wangu Hajah Saerah alishinda Jumapili nzima akifunga ule wali kwenye majani. Sahani ile ina alama tano, na wote kumi na watatu waliokutangulia waliigusa. Yule bibi wa kwenu Seria mnayemwita Nyonya, Kho Ah Ngo, mwenye miaka sabini na tisa, aligusa kwa vidole vitatu, akavibusu, akaniambia, "Mpishi asiumwe mikono." Nikampa zote tano na ningempa ya sita kama ingekuwepo.

Ukaingia wewe. Nikakwambia, "Karibu, gusa kidogo." Ukaitazama sahani, ukanitazama mimi, ukasema, "Asante, Mwalimu. Tuanze kazi kwanza, mimi na wewe." Ukaweka mikono yako magotini ikakaa huko mpaka mwisho, kama mtu anayeogopa kuchafuka.

Yule bibi wa jopo letu, Dayang, aliniuliza baadaye, "Haji, huyu mzee ana nini na wewe?" Nikamwambia sijui. Lakini najua. Miaka ishirini na tisa umekaa na donge la kitabu kile, ukaona leo ndiyo siku ya kulitema mezani kwangu, mbele ya watu. Vyema. Nilikupa sifuri juu ya tano, na sifuri hiyo ni halali yako.

Haji Metussin bin Haji Lamit


Seria
20 Aprili 1998

Haji,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea Nyonya Kho, ambaye huja kwangu kila alasiri. Akasema, "Huyo Haji wako ni mwalimu kweli? Hata siku za juma hazijui?"

Haji, ilikuwa Jumatatu.

Tulilala chumba kimoja bwenini miaka miwili. Ulifunga kila Jumatatu na kila Alhamisi, iwe jua iwe mvua, hata siku ya mashindano ya kuogelea ulipozama na tukakuvuta kwa nywele. Wiki ya kwanza nilikaa kitandani nikala mee, zile tambi za kukaanga, harufu imejaa chumba kizima. Unakumbuka ulivyoniambia? "Voon, ukila tena mbele yangu siku ya Jumatatu nitakutupa mtoni wewe na sahani yako." Nikasema, "Kwani pua zako nazo zimefunga?" Ukanirushia kiatu. Tangu siku ile sikutia kitu mdomoni mbele yako Jumatatu wala Alhamisi, na mwaka 1969, tulipokuwa tunaandika, mke wangu alikuwa hapiki mchana siku hizo mpaka uondoke.

Niliingia chumba cha mtihani nikakuona. Midomo yako mikavu. Wenzako wawili wana makombo kwenye visahani vyao, kisahani chako ni safi. Maji yako hayajaguswa. Nikajua umefunga kama kawaida yako. Ukaniambia nikaribie. Sasa nieleze wewe unayependa kueleza: mtu apeleke vidole mdomoni, avilambe, mbele ya mwenzake aliyefunga, naye mwenzake huyo ndiye mtahini? Nilidhani huo ndio mtihani wenyewe. Nilidhani unanipima kama bado naikumbuka heshima yako. Nikaweka mikono magotini, mahali ambapo ungeweza kuiona, na moyoni nikajisifu.

Kwa hiyo chagua moja. Ama ulikuwa umefunga, basi nilifanya adabu kuliko wote kumi na watatu na alama tano ni zangu. Ama hukufunga, basi sema, na useme tangu lini, na kwa nini ulikaa pale umefumba mdomo kama mtu aliyefunga.

Kuhusu kitabu: usijipe ukubwa. Donge ninalo, lakini siwezi kulitema juu ya wali wa Hajah Saerah.

Zimebaki siku arobaini.

Voon


Kampong Ayer
30 Aprili 1998

Bwana Voon,

Saumu ya mtu ni baina yake na Mola wake. Haijazwi kwenye fomu na haihojiwi na mtu wa Seria.

Tuseme nilikuwa nimefunga. Wajumbe wengine wawili hawakufunga, na sahani ilikuwa ya jopo, si yangu. Ungewageukia wao ukagusa. Tuseme sikufunga. Basi ulikisia, na mtihani haupimi kukisia. Kwa njia zote mbili sifuri inabaki ilipo.

Unajisifu kwamba umekumbuka mambo ya bwenini. Wapo wanaokumbuka ya miaka arobaini iliyopita na wasione kilicho mbele ya macho yao. Tena umemsomea jirani barua yangu, kama tangazo la soko. Usinitolee tena maneno yangu nje ya nyumba yako.

Moshi wa misitu inayoungua umetufunika huku, siwezi kukaa dirishani, kwa hiyo barua hii ni fupi. Usidhani ni fupi kwa kukosa hoja.

Haji Metussin


Kampong Ayer
4 Mei 1998

Shemeji Voon,

Ni mimi Saerah. Haji hajui kwamba nakuandikia, na akijua atapandisha sauti, naye akipandisha sauti kifua kinambana. Kwa hiyo soma, elewa, nyamaza.

Haji hafungi tena. Tangu Oktoba daktari amemkataza. Sukari imeshafika kwenye figo. Siku tatu kila juma anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na majirani tunawaambia yuko maktaba. Jirani yetu mmoja kaniuliza juzi, "Haji anasoma nini siku zote hizo, anataka kuwa mufti?" Nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Jumatatu na Alhamisi bado anakaa na mdomo umefumba mpaka magharibi, wajukuu wasijue. Huja jikoni kwa siri, anakula viazi vitatu amesimama, kama mwizi. Mtu aliyefunga miaka arobaini anaona aibu kula mchana, shemeji. Siku ya mtihani nilimfungia chakula mfukoni. Kilirudi vilevile, na jioni akaanguka ngazini.

Hakuliambia jopo. Wakijua wataleta mwenye afya, na kile kiti ndicho pekee kinachomtoa kitandani na kumvalisha shati. Wewe sasa ukipeleka mashtaka yako, watauliza alikuwa amefunga au hakufunga, na yote yatatoka.

Sikuombi umsamehe. Na wewe nawe usijifanye malaika, kichwa chako ni kigumu kama nguzo za nyumba hii, miaka sitini ziko majini hazijaoza. Nyinyi wawili mmezeeka vibaya. Lakini wali ule niliufunga mimi, na nilipoambiwa Voon hakugusa niliumia, kwa sababu mkeo marehemu ndiye aliyenifundisha kukaza lile fundo la mwisho. Sasa nimeisoma barua yako ya Jumatatu, nimejua sababu yako. Nilitaka ujue kwamba nimejua.

Saerah


Kampong Ayer
18 Mei 1998

Voon,

Stempu kwenye droo zilikuwa sita, zikabaki tano, na mimi sikuwa nimeandika. Nilipomuuliza Hajah akasema, "Ndiyo, nimemwandikia, na nitamwandikia tena. Unataka kunitahini na mimi?" Kwa hiyo unajua. Nimesubiri wiki mbili nikitazamia kusikia kutoka ofisini kwamba umenichoma. Hukunichoma. Hilo limeniudhi kuliko barua zako zote.

Nilikosea. Naliandika neno hilo kwa mwandiko wangu wa kila siku, usije ukasema limeandikwa na ugonjwa. Wewe uliona mtu aliyefunga, ukamheshimu. Mimi niliyekuwa najifanya nimefunga nikakuadhibu kwa kuniamini. Hata nikilizungusha vipi, haligeuki.

Kuhusu kitabu sitasema nilikosea. Bwana mmoja wa ofisi ya wakati ule aliniambia, "Jina la raia peke yake, au hakuna kitabu." Nilichagua kitabu, na leo ningechagua hivyohivyo, watoto elfu ngapi wamejifunza nchi yao ndani yake? Lakini ningekuja Seria kukuambia kwa mdomo wangu, badala ya kukuacha ukakione dukani. Huo ndio uovu wangu kwenye jambo lile, na si mkubwa kama unavyoukuza, wala si mdogo kama nilivyokuwa nikiuita.

Sasa sikiliza, maana hapa pana ugumu. Ndani ya bahasha hii kuna taarifa yangu kwa ofisi, nimeitia sahihi. Inasema mwenyekiti alikata alama tano kwa kosa, na inaeleza ugonjwa. Ikifika kabla ya tarehe thelathini, sifuri yako inafutwa. Lakini nimeisoma upya kanuni ya kumi na nne, ile unayopenda kuitaja. Kifungu chake cha mwisho kinasema mtahini akikiri kosa la kuhukumu, alama zote alizotoa katika kikao kile zinabatilika, na wote hutahiniwa tena mbele ya jopo jingine. Wote, Voon. Siku ile mlikuwa thelathini na mmoja. Waliofaulu ni kumi na saba. Nyonya Kho alifaulu fungu la jiografia kwa kumi na mbili kamili.

Sikuitumia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuamua mambo yako nyuma ya mgongo wako. Taarifa iko mikononi mwako. Ipeleke au usiipeleke.

Nimeandika pia barua ya kujiuzulu. Vyovyote utakavyoamua, mwaka ujao hutaiona sura yangu pale. Hilo nadhani litakufurahisha.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Metussin


Seria
24 Mei 1998

Metussin,

Umefanya tena ulichofanya mwaka 1969, ila safari hii umekuja kunibishia hodi. Umeniletea chaguo ambalo upande mmoja lina watu wengi na upande wa pili lina jina langu. Nilikaa na bahasha yako siku mbili nikikutukana kwa Kihakka, kwa Kimalayu, na kwa Kiingereza kidogo kilichobaki.

Jana Nyonya Kho alikuja kama kawaida. Unajua ni mimi niliyemfundisha? Miaka mitatu, kila alasiri, kwenye baraza yangu, kwa kanda za kaseti kwa sababu macho yake hayaoni herufi. Mtihani wa Machi ulikuwa wake wa tano. Sikumwambia lolote kuhusu barua yako. Nilimmiminia chai, nikamuuliza kama mchezo, "Nyonya, nchi yetu ina wilaya ngapi?"

"Nne," akasema upesi.

"Zitaje."

"Tutong. Temburong. Ile yenye mji mkuu. Na... na ile nyingine."

"Ile nyingine ndiyo hii tunayokaa, Nyonya. Belait."

"Basi kama tunakaa ndani yake, ya nini kuitaja? Mimi nimeshafaulu, Mwalimu, usinisumbue. Wewe uliyeanguka ndiye ukasome."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akanionyesha kifuko cha plastiki alichonunua sokoni, cha kuwekea kadi ya njano atakapokula kiapo mwezi wa Agosti. Ameshakitia picha ya mumewe, anasema kadi itaingia nyuma yake wakae pamoja.

Tangu Machi mpaka leo amesahau nusu ya niliyomfundisha. Akirudishwa mbele ya jopo hatapita, si mwaka huu wala mwaka wowote.

Kwa hiyo taarifa yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Hesabu kurasa, zote mbili zimo. Sijaipeleka na sitaipeleka.

Usiuite wema. Ningekuwa na njia ya kupata haki yangu bila kumgusa yule mama, ningekuburuta mpaka mlangoni kwa waziri, wewe na mashine yako. Na kuhusu kitabu, nimeyasoma maelezo yako na sijakusamehe. Ulikiri nusu. Nusu ya pili ni kwamba tangu 1969 hadi leo kilichapishwa mara sita, na mara sita hukuuliza tena kama sheria ile ya jina bado ipo. Mimi niliuliza. Iliondolewa mwaka 1985. Jibu hilo ninalo kwa maandishi, na litakaa kwangu mpaka utakapokuja kulisoma mwenyewe.

Sasa barua ya kujiuzulu. Ichane. Unadhani itanifurahisha? Umekaa kwenye kiti hicho ukaniangusha kwa kosa, na sasa unataka kuondoka taratibu, nibaki kuulizwa na kijana mwenye kalamu mbili asiyejua hata Seria iko upande gani wa mto! Waambie ukweli kuhusu hospitali. Waambie wapange mtihani siku ambazo huendi kwenye mashine. Figo zikiharibika mtu hapotezi akili ya kusahihisha, na kama wana haya hawatakutoa. Wakikutoa, nijulishe, nitaandika barua ambayo wataisoma wamesimama.

Na uache ule upuuzi wa kula viazi kwa kujificha. Mungu wako anajua una figo gani, yeye ndiye aliyekupa. Kula mchana, kula Jumatatu, kula mbele ya wajukuu, waambie babu ni mgonjwa. Kunywa dawa zako. Nenda hospitali siku zote tatu, hata kama moshi umeziba mto mzima.

Mtihani ujao ni mwezi Machi. Nitakuwa na miaka sitini na minane na nitakuja nimesoma. Niulize maswali magumu, usinipunguzie hata moja, maana nikikuona unanionea huruma nitaondoka chumbani. Ila uwepo, Metussin. Nimeanguka mara tatu mbele ya watu ninaowajua; sitaki kufaulu mbele ya mgeni.

Voon Siew Fatt